Mkono Wangu Chini ya Jiwe la Bibi Setsuko

Kok. Jiwe likirudi kukaa juu ya jiwe lenzake linatoa sauti hiyo, fupi na kavu, kama mtu aliyegonga mlango mara moja halafu akabadili mawazo. Nimeisikia kwenye foleni ya kahawa. Nimeisikia ghalani, forklifti zikipiga kelele kila upande. Hata juzi kanisani, dada mmoja alipoweka Biblia yake juu ya benchi, niligeuka.

Nawaandikia nyinyi mnaoniuliza tangu nimerudi, dada zangu wa kwaya, na nyinyi wa shifti ya asubuhi hapa Mesquite. Mmeniuliza kwa meseji, mmeniuliza ana kwa ana, na Mapendo amenifuata mpaka kwenye maegesho: "Sifa, jiko lina-open lini? Sisi tuna-starve huku." Nimekuwa nikicheka na kusema nitawaambia. Kumbe nilikuwa naona haya. Bado naona. Lakini niliwatangazia mapema, tena kwa mdomo mpana, kwa hiyo mna haki ya kujua jiko limekwenda wapi.

Mambo ya viza na tiketi nayaruka. Kila mmoja wenu ameshakaa kwenye foleni za makaratasi za kumtosha maisha yake yote.

Mesquite kwenda Houston, na tairi njiani

Bibi Setsuko baadhi yenu mnamjua kwa supu yake. Ana mgahawa mdogo wa tambi kule Arlington, kati ya duka la matairi na saluni ya Wakenya, na mimi nimekuwa nikiosha vyombo pale jioni nikitoka ghalani. Aliufungua pamoja na mumewe wakiwa bado vijana. Mume amefariki. Yeye mwenyewe magoti yamechoka, vifundo vya mikono vimevimba, jicho moja lina ukungu. Mwanawe Kenji anakaa Houston, na anataka mama yake auze mgahawa ahamie kwake. Bibi hakukubali, hakukataa. Alisema kuna mahali pa kuuliza.

Mahali penyewe ni hekalu la kale la dini ya jadi ya Kishinto, mlimani, huko Kyoto, Japani. Tangu enzi za mababu zao watu wamekuwa wakienda pale kuombea biashara: kwanza wakulima wa mpunga, halafu wachuuzi, siku hizi hata makampuni makubwa. Na kuna jiwe. Unasimama mbele yake, unauliza jambo lako kimoyomoyo, halafu unaliinua. Likiwa jepesi kuliko ulivyodhani, jibu ni ndiyo. Likiwa zito kuliko ulivyodhani, jibu ni hapana. Bibi aliliinua akiwa bibi harusi, akiuliza kama yeye na mumewe waje Amerika. Lilikuwa jepesi, aliniambia, kama mkate.

"Sasa nauliza mara ya pili," alisema tukiwa tunakausha mabakuli. "Kama niendelee. Likikataa, niuze. Wewe utanibebea mizigo."

Hapo na mimi nikaingia na tamaa yangu. Alikuwa ameshaniahidi kwamba akiendelea, asubuhi zote kabla ya kufungua, jiko ni langu. Nikaange maandazi na sambusa, niwauzie watu wa maghala wakiingia na kutoka shifti. Mnakumbuka nilivyowasumbua na jina la biashara mpaka mkapiga kura. Aproni nilikuwa nimeshanunua, ya manjano.

Tuliondoka kwa gari la Bibi, mimi nikiendesha, yeye ameshikilia dashibodi kana kwamba ndiyo inayotufikisha. Tumepita Corsicana kidogo tu, tairi la nyuma likapasuka. Nikasogea pembeni. Malori yanapita na kututingisha. Kubadilisha tairi najua, ila nati moja ilikataa kabisa. Nikasimama juu ya spana kwa miguu yote miwili, wapi.

Akasimama mzee mmoja mwenye kofia pana, gari lake linavuta trela ya mbuzi. Akaifungua ile nati kwa mkono mmoja huku anazungumza na mbuzi wake wanyamaze.

"Na nyinyi akina mama mnatoka wapi?" akauliza.

"Arlington," akasema Bibi.

"Mesquite," nikasema mimi.

"Hapana, namaanisha mnatoka wapi hasa."

"Arlington," Bibi akarudia, safari hii polepole, kama anayemsaidia mtu mwenye shida ya masikio.

Mzee alicheka mpaka akaegemea trela. Bibi akampa donge la wali lililofungwa kwa mwani. Akaligeuzageuza, akauliza kama linamenywa. Alikula nusu, nusu akaiweka kwenye mfuko wa shati, akasema mkewe hatamwamini bila ushahidi. Nilifurahi sana siku ile. Nawaambia ili mjue kwamba nilitoka na moyo mweupe.

Gulfton

Tulifika Houston tumechelewa, Mama mdogo Espérance ameshapasha chakula mara mbili. Anakaa Gulfton, ghorofa ya pili, kwenye apatimenti ambazo ngazi zake zinanukia vitunguu vya nchi zote. Ni mdogo wake mama yangu, na Kiswahili chake ni kile cha kwetu Uvira, hakijabadilika hata siku moja.

"Bon, karibuni. Bibi, keti hapa, hapa njo kiti kizuri."

Aliandaa ugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa kukaanga. Nilitaka kumtafutia Bibi uma, lakini alishanawa, akamega, akachovya. Binti wa Mama mdogo akamtazama, akasema kwa Kiingereza chao cha shule kwamba huyu bibi anakula kama watu. Mama mdogo akamfinya chini ya meza.

Baadaye akaniita jikoni, akafunga mlango.

"Ma fille, iko kweli munaenda kwa hekalu ya mbweha?"

"Mbweha hawaabudiwi, Mama. Ni wajumbe tu. Bibi amenieleza."

"Wajumbe wa nani?"

"Wa mungu wao wa mpunga. Na wa biashara."

"Na weye unataka biashara."

"Ndiyo."

"Ona sasa." Akafuta meza ambayo ilikuwa safi. "Mi sisemi kitu. Minaomba tu mikono yako isiguse vitu vya watu."

Nilimwambia naenda kubeba mabegi, basi. Nilikuwa nasema kweli.

Kenji alikuja kuchukua gari la mama yake alilaze kwake mpaka turudi. Ni mwanaume mpole, anavaa miwani, anaongea kama anayeogopa kumwamsha mtu. Tulisimama naye kwenye ngazi.

"Sifa, nimemwahidi mama," akasema. "Jiwe likisema aendelee, sitafungua tena mdomo wangu. Likisema auze, atauza. Nimechoka kubishana naye, na yeye amechoka kubishana na mimi. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Usimsukume huku wala huku. Mwache aulize mwenyewe."

"Usijali, kaka."

"Najua ameshakuahidi jiko."

"Usijali," nikarudia. Masikio yaliniwaka kidogo, lakini nilijiona mtu mzuri.

Angani

Mvua ya radi ya Houston mnaijua. Tulikaa ndani ya ndege uwanjani, haipai, mpaka watu wakaanza kujuana majina. Bibi alilala. Jirani yangu wa upande wa pili alikuwa kijana anayeuza vipuri vya pampu, akanionyesha picha za pampu zote. Nikamwonyesha nembo yangu ya biashara kwenye simu, ile yenye sambusa inayotabasamu. Akasema ni nzuri ila sambusa inaonekana kama papa. Nikaitazama tena. Kweli.

Walitupa chakula na karatasi ya kuchagua, nikachagua nisichokijua kwa sababu ya ushamba wa kutaka kuonekana mjanja. Akaja samaki baridi na kitu cheusi kinachoteleza. Bibi aliamka, akabadilisha sahani zetu, akanipa kuku wake.

Treni ya kwenda Kyoto

Nawaombeni msicheke. Tulipopanda treni pale Tokyo, mama yangu alipiga simu. Nikapokea kama tunavyopokea huku kwetu, simu mbele ya mdomo, spika wazi, sauti ya kufika kijiji cha pili. Mama naye anaitikia kutoka Mesquite: "Umekula? Umevaa soksi?" Nikamwambia kila kitu. Nilipoinua macho, behewa zima lilikuwa kimya. Si kimya cha watu wasio na la kusema. Kimya cha adabu. Mama mmoja aliyekaa mbele yetu alikuwa anatazama viatu vyake kwa bidii sana.

Nikageuka kwa Bibi. Alikuwa amelifungua gazeti, amejificha ndani yake wote.

"Bibi, kwa nini hukuniambia?"

"Sikuwa nakufahamu kwa muda," akasema nyuma ya gazeti.

Baada ya hapo nilikaa na mikono mapajani kama niko mbele ya mchungaji. Nje mashamba ya mpunga yanapita mbio. Nikadhani hiyo ndiyo aibu ya safari, nimeshaimaliza, sasa mambo yatakuwa mazuri.

Mlimani

Tulikwenda asubuhi. Nilivaa kitenge changu cha bluu, kile cha harusi ya Mapendo, na akina mama watatu wa Kijapani wakaomba kupiga picha na mimi kabla hata sijaliona hekalu. Nikajiona mgeni rasmi.

Kuna birika la mawe la kunawia kabla ya kuingia, na kata ndogo za mbao. Bibi alinawa mkono huu, akanawa ule, akasukutua kidogo. Mimi nilikuwa na kiu, nikajaza kata, nikanywa yote, nikasema aah. Bibi akainamisha kichwa kumwomba radhi mtu ambaye sikumwona.

Halafu malango. Sijui niwaelezeje. Ni nguzo nyekundu za mbao, mbili na boriti juu, halafu nyingine, halafu nyingine, zimebanana mpaka zimekuwa njia yenye paa, inapanda mlima na kupotea. Mwanga unaingia kwa vipande. Nyuma ya kila lango pameandikwa jina la aliyelitoa. Bibi alinisomea akiwa anapumzika goti.

"Huyu ana kampuni ya malori. Huyu daktari wa meno. Hawa wanauza tofu. Huyu..." akasogeza jicho zima, "huyu anatengeneza vifungo."

"Vifungo vya nguo?"

"Vifungo tu. Vimemlipa, ona lango lake."

Nikawaza jina langu mahali pale, na sambusa isiyofanana na papa. Mnanijua. Nikianza kuota huwa sisimamishwi. Mbweha wa mawe wamekaa kila kona na vitambaa vyekundu shingoni, mwingine ana ufunguo mdomoni, mwingine ana suke la mpunga, na wote walikuwa wananitazama vizuri tu, niliona.

Tukafika kwenye jiwe. Ni la mviringo, kubwa kuliko kichwa cha mtu, limekaa juu ya nguzo ya mawe iliyochongwa kama taa ya zamani. Palikuwa na foleni. Nyuma yetu walisimama watu wa ofisi moja, wote suti nyeusi, bosi wao mbele, wametulia kama wanaosubiri majibu ya hospitali.

Zamu ya Bibi ikafika. Aliinama, akapiga makofi mawili, akafumba macho. Alikaa hivyo kwa muda. Midomo yake ilikuwa inacheza. Halafu, macho bado amefumba, akanyoosha mikono akalishika lile jiwe huku na huku, na niliona vifundo vyake vimekuwa vyeupe, na mabega yamepanda, na jiwe halijaenda popote.

Nyinyi wa ghalani mtanielewa kabla sijamaliza. Boksi lenye stika ya manjano ni la watu wawili. Ukimwona mwenzako ameliinamia, huulizi, huitwi. Unaingia upande wa pili, mkono chini, mnakwenda. Tumefundishwa hivyo mpaka miili yetu imeshika. Na nyinyi wa kwaya mtanielewa pia, maana kwetu mzee hawezi kubeba kizito mbele ya msichana aliyesimama na mikono mitupu. Watu watasema huyu alilelewa wapi?

Mkono wangu ukaenda. Nilisimama ubavuni kwake, nikapitisha kiganja chini ya ukingo wa jiwe, kwa nyuma, nikainua.

Likapanda. Lilipanda sawasawa, bila kuyumba. Mikono ya Bibi ilikuwa juu yake tu, kama mtu anayemshika mtoto kichwani. Uso wake ukafunguka. Sijawahi kuuona uso ule, hata siku mgahawa unapojaa. Nikaliteremsha taratibu nikatoa mkono.

Kok.

"Jepesi," akasema Bibi. Akafungua macho, na jicho zima na lile la ukungu yote yalikuwa yamejaa maji. "Sifa-san. Jepesi kama zamani."

Nilipogeuka nikakutana na macho ya yule bosi wa suti nyeusi. Alikuwa ameona. Hakukunja uso. Aliangalia chini, polepole, na shingo yake ikawa nyekundu, kama vile mkono ule ulikuwa wake.

Ndipo nilipojua nilichofanya.

Tambi na simu ya Kenji

Chini ya mlima kuna vibanda vya chakula. Bibi aliagiza tambi zenye kipande kikubwa cha tofu ya kukaanga juu, ile jibini ya soya, wanasema mbweha wanaipenda. Ilikuwa tamu, nusu sukari nusu chumvi.

Nilijiambia ni mazoea ya kazi tu. Ni adabu tu. Halafu nikajiuliza: kama Bibi angekuwa amekuja kuuliza jambo lingine, jambo ambalo jibu lake halina jiko langu ndani yake, je, mkono wangu ungekwenda haraka vile? Nimejiuliza swali hilo mara nyingi. Siku nyingine nasema ndiyo, ungekwenda. Siku nyingine sijui. Ndilo linalonitesa mpaka leo, kwamba mkono ni wangu na sijui ulikuwa unamfanyia nani kazi.

Bibi akampigia Kenji palepale. Walizungumza Kijapani, yeye anacheka, anapiga meza kidogo. Halafu akanipa simu.

"Sifa," Kenji akasema. "Anasema aliliinua bila shida. Kwa mikono ile? Wewe ulikuwepo. Kweli aliliinua?"

Bibi alikuwa ananitazama, mdomo umejaa tambi, anatabasamu.

"Aliinua," nikasema.

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Basi sawa," akasema, na nilisikia kwamba alikuwa anajitahidi kufurahi. "Basi sawa. Nilimwahidi."

Nilirudisha simu. Maji yangu ya kunywa yalikuwa yameisha, lakini niliendelea kunywa glasi tupu.

Treni ya kurudi

Siku ya kuondoka, Bibi alinunua vyakula vya treni kwenye visanduku, kila kitu na chumba chake: wali, kachumbari, yai, samaki. Tukakaa. Akachukua karatasi ya kufutia mikono, akaanza kuchora.

"Hapa sinki. Hapa jiko la zamani, litoke. Nitanunua karai kubwa la maandazi yako, pana hivi. Asubuhi ukimaliza, unalitundika hapa, halinisumbui."

Alichora hata msumari wa kutundikia.

Nikajaribu kula yai. Nikaliweka chini.

"Bibi," nikasema. Nilisema kwa sauti ndogo, maana nilishajifunza treni zao. "Hukuliinua wewe. Nililiinua mimi. Niliweka mkono chini."

Kalamu yake ilisimama. Hakuniangalia. Kikapita kituo kimoja, watu wakashuka, wengine wakapanda, wakainamiana vichwa.

"Kenji anajua?"

"Nilimwambia uliliinua mwenyewe."

"Hm."

"Turudi, Bibi. Tushuke kituo kinachofuata, turudi, uliinue tena. Watu wa ndege nitawapigia simu, nitawaomba."

"Jiwe si mashine ya soda," akasema. "Limeulizwa, limejibu." Akaweka kalamu pembeni. "Ila jibu umelishika wewe. Mimi mikono yangu ilikuwa juu tu. Kwa hiyo wewe ndiye uniambie. Lilikuwa jepesi au zito?"

Dada zangu, nilitamani aniulize kitu kingine chochote. Ningeweza kusema jepesi. Mimi nainua maboksi kutwa, ningeweza kusema jepesi na hata nisiwe nimedanganya sana. Nilimwona Kenji akinyamaza kama alivyoahidi. Niliziona asubuhi zangu zote, karai limechemka, nyinyi mmepanga foleni mnanitania. Hakuna mtu duniani ambaye angejua. Swali lilikuwa limekaa kwenye kiganja changu, na kiganja kilikuwa kinakumbuka. Pale mlimani, lilipoanza kuondoka kwenye nguzo, nilikuwa nimeshtuka. Nilikaza meno.

"Zito, Bibi," nikasema. "Zito kuliko nilivyotazamia."

Alitikisa kichwa mara kadhaa, taratibu, kama mtu anayesikiliza habari za msiba wa mbali.

"Asante," akasema. Halafu akaongeza: "Nilijua kuna kitu. Mikono yangu inatetemeka hata nikishika kijiko. Lile jiwe halikutetemeka. Nilijua, nikafumba macho zaidi."

"Bibi, nisamehe."

"Mimi pia naona haya kidogo," akasema. "Tuone haya wote, treni ina nafasi."

Akaikunja ile karatasi ya jiko, akafutia meza palipomwagika chai. Halafu akanisogezea samaki wake.

"Kula. Njia ni ndefu."

Houston tena

Kenji alitupokea uwanja wa ndege. Bibi alikwenda chooni, na mimi nikaona nisipoongea pale sitaongea tena.

"Kaka Kenji, nilikudanganya kwenye simu. Hakuliinua. Ni mimi. Nimeshamwambia, na nimemwambia lilikuwa zito."

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilitaka kutukanwa, kusema kweli. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Halafu akachukua begi la mama yake kutoka mkononi mwangu, polepole, akalibeba mwenyewe mpaka kwenye gari. Hakuniruhusu kubeba hata la mkononi. Mama mdogo Espérance alisema nimshukuru Mungu hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Kwa hiyo hivyo ndivyo ilivyo. Mgahawa umeuzwa, wanunuzi wataweka kuku wa kukaanga. Bibi yuko Houston, anapika kwa Kenji, analalamika sufuria zao ni nyepesi mno. Ananipigia simu Jumapili. Kenji akipokea ananisalimia vizuri, ila fupi. Sambusa zangu nitaendelea kuwaletea kwenye kopo kama zamani, msiniulize kuhusu asubuhi.

Arlington

Imebaki siku moja tu ya kuwasimulia. Bibi aliniomba nifungashe vilivyobaki nipeleke Houston, nikaenda asubuhi na mapema, kabla wenye kuku hawajaja. Jiko lilikuwa tupu. Lilikuwa kubwa kuliko nilivyowahi kuliona.

Juu ya friji kuna rafu, na juu ya rafu kuna nyumba ndogo ya mbao isiyozidi boksi la viatu, hekalu dogo la nyumbani, ina vijimlango, na ndani kuna kibao kitakatifu kilichotoka kule mlimani. Bibi alisema hicho kiwe cha mwisho kutoka, kirudishwe kwao hekaluni. Mbele yake kuna kikombe cheupe, kidogo kama kizibo. Kila asubuhi Bibi alikuwa anabadilisha maji yake kabla ya kuwasha moto. Sasa maji yalikuwa ya tangu alipoondoka. Vumbi lilikuwa limeelea juu, na mdudu mmoja mdogo.

Maboksi yote mengine nilikuwa nimeshafunga. Ilibaki kumwaga, kukunja kwenye gazeti, kuondoka. Mimi ni mtoto wa kanisa, mnanijua, na sikuwa na la kuomba.

Nikakishusha kile kikombe. Nikakiosha kwa sabuni, nikakisuuza mpaka kikalia chini ya kidole. Nikaacha bomba litiririke maji yawe baridi. Nikakijaza mpaka ukingoni, nikapanda tena kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikakirudisha mahali pake kwa mikono miwili, na nikasubiri maji yaache kucheza ndipo nikashuka.